Silaha za Nje kwenye Ndege Zinazokwepa Rada: Kwa Nini Rangi Peke Yake Haitoshi

Mwanafunzi mmoja anayesomea ufundi wa ndege mjini Soroti ameniletea swali ambalo nimeona linafaa kujibiwa kwa urefu. Anasema ameona picha za ndege ya Marekani ya F-35 ikiwa imening'iniza mabomu chini ya mbawa, ilhali darasani alielezwa kwamba ndege ya aina hiyo huficha silaha tumboni ili rada isiione. Anataka kujua silaha za nje huharibu siri ya ndege kwa kiasi gani hasa, na kwa nini wahandisi wasizipake rangi ile ile inayofyonza mawimbi ya rada, mambo yakaisha. Mwishoni anauliza kama ujuzi huo ungeweza kuzisaidia ndege za Sukhoi Su-30MK2 za jeshi letu la Uganda, UPDF, ambazo hubeba kila kitu nje.

Ndugu mwanafunzi, silaha za nje zinaweza kuundwa ili zionekane kidogo kuliko zinavyoonekana kwa kawaida, na kazi hiyo imekwisha kufanyika zaidi ya mara moja. Lakini anayeianza kazi hiyo kwa kulitazama bomu lenyewe ameanzia pasipostahili. Ugumu mkubwa umo katika maungio, yaani pale bomu linaposhikana na kifaa kinacholibeba, na kifaa hicho kinaposhikana na bawa. Tena maungio hayo lazima yapimwe mara mbili, silaha ikiwapo na ikiwa imekwisha kuachiwa. Nitalieleza jambo hili hatua kwa hatua, nikikaa zaidi pale penye uzito.

Tuanze na hesabu, kwa sababu bila hesabu mjadala huu hubaki wa kukisia. Uwezo wa kitu kurudisha mawimbi ya rada hupimwa kwa mita za mraba, na hapa nitauita eneo-akisi. Eneo hilo halilingani na ukubwa wa kitu kwa macho. Bati bapa la sentimita 10 kwa 10, likiielekea moja kwa moja rada yenye wimbi la sentimita 3, lina eneo-akisi la karibu mita ya mraba 1.4, yaani mara 140 ya ukubwa wake halisi. Liinamishe kidogo lisiielekee rada, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo itakwenda upande mwingine. Kuificha ndege na rada ni kazi ya kuchagua mawimbi yaelekee wapi baada ya kuigonga ndege.

Umbali ambao rada huweza kukigundua kitu hufuata kipeuo cha nne cha eneo-akisi. Hii ndiyo kanuni inayowachosha wabunifu, kwa kuwa ukilipunguza eneo-akisi mara 16, umbali wa kugunduliwa unapungua mara mbili tu. Chukua mfano wa rada inayokiona kitu cha mita ya mraba 1 kikiwa kilomita 200. Ndege yenye eneo-akisi la mita ya mraba 0.001 itaonekana na rada hiyo ikiwa takriban kilomita 36. Sasa iongezee ndege hiyo silaha za nje zenye mita ya mraba 0.1, kiasi ambacho ni kidogo sana kwa mabomu ya kawaida na vibebeo vyake. Umbali wa kugunduliwa unaruka hadi kilomita 112 hivi. Kwa ndege inayokwenda kilomita 900 kwa saa, tofauti hiyo ni dakika tano, na dakika tano zinawatosha watu wa ulinzi wa anga kuamka, kulenga na kurusha. Takwimu hizi nimezichagua mimi kwa ajili ya mfano, wala si siri za ndege yoyote, lakini uwiano wake ndio ulivyo.

Ushahidi wa jambo hili unaonekana kwa macho kwenye viwanja vya maonyesho. Ndege za F-22 na F-35 zinaporuka katika anga za kawaida wakati wa amani, mara nyingi hufungwa vidude vidogo juu au chini ya kiwiliwili, ambavyo kazi yake ni kurudisha mawimbi ya rada kwa makusudi. Aina moja inayotumika sana huitwa lenzi ya Luneburg. Huwekwa ili waongoza ndege na marubani wengine waione ndege hiyo, na pia ili yeyote anayeipima kwa mbali asipate kipimo chake halisi. Kifaa kinachoshikika mkononi kinatosha kufuta kazi ya miaka mingi ya kiwanda kizima. Fikiri basi pale panaponing'inia bomu la kilo 900, lenye urefu wa karibu mita nne, pamoja na vyuma vyote vinavyolishika.

Nakuomba sasa usimame, kwa mawazo, chini ya bawa la ndege ya kivita ya kawaida, ukatazame juu. Kutoka chini ya bawa kinashuka kipande kirefu na chembamba ambacho wahandisi hukiita pailoni. Ndani ya pailoni mna kulabu mbili zinazokamata pete mbili zilizo mgongoni mwa bomu. Kwa vipimo vya nchi za NATO, pete hizo huachana kwa inchi 14 kwa silaha nyepesi na inchi 30 kwa silaha nzito. Pembeni mwa kulabu kuna miguu ya chuma yenye skrubu inayoligandamiza bomu lisiyumbe. Kuna waya wa kuliamsha bomu linapoachiwa, kebo ya umeme inayoliunganisha na kompyuta za ndege, matundu ya kupitishia vyombo vya fundi, na vichwa vya skrubu vilivyojitokeza. Nyuma ya bomu mna mapezi manne yaliyopangwa kwa umbo la msalaba. Kila kimoja kati ya vitu hivi kina kazi yake, na karibu kila kimoja ni adui wa siri ya ndege.

Adui mkubwa kuliko wote ni pembe mraba. Nyuso mbili zikikutana kwa nyuzi 90, wimbi linaloingia kati yake hugonga uso wa kwanza, likarukia wa pili, kisha likarudi lilikotoka. Nyuso tatu zikikutana hivyo, kama kona ya chumba, wimbi hurudi lilikotoka karibu kwa kila upande litakaoingilia. Mabaharia hulitumia umbo hilo kwa faida yao, kwa kupandisha mlingotini kifaa cha mabati yaliyopishana ili meli kubwa ziione mashua yao kwenye rada. Kona ya namna hiyo yenye kingo za sentimita 10 tu, kwa wimbi la sentimita 3, ina eneo-akisi la karibu nusu mita ya mraba. Sasa rudi chini ya bawa letu uhesabu kona: ubavu wa pailoni na uso wa chini wa bawa, mguu wa kushikilia bomu na mgongo wa bomu, pezi na pezi jirani. Kona hizi hazikuwekwa na mtu mzembe. Zimetokana na ukweli kwamba chuma kinachobeba mzigo wa tani moja kwa njia fupi kuliko zote hushuka wima, na bawa limelala.

Hapa panahitaji uangalifu, kwa sababu wanafunzi wengi husema tu kwamba pailoni inaonekana, wasiseme inaonekana kutoka wapi. Kona iliyo kati ya pailoni na bawa ina mshono unaokwenda kutoka mbele hadi nyuma. Kona ya nyuso mbili hurudisha mawimbi yanayoujia mshono kwa mkato, kwa hiyo pailoni hiyo humulika hasa ndege ikitazamwa kutoka ubavuni. Kutoka mbele, kinachoonekana ni ukingo wa mbele wa pailoni, pua ya silaha, na kila mahali ambapo uso wa tatu unaitazama mbele na kuifunga kona, kama vile kizingiti cha kulabu au kichwa cha fremu inayobeba mabomu mawili au matatu pamoja. Upande wa mbele una uzito wa pekee. Ndege iliyo kilomita 10 juu na kilomita 100 mbali huonwa na rada ya ardhini kwa mwinamo wa takriban nyuzi 6 tu, yaani rada inaitazama karibu usoni kabisa. Ndege ikigeuka kurudi nyumbani, ubavu na mkia hupata zamu yao, na ndipo pailoni huanza kusema mambo ambayo pua ilikuwa imeyanyamazia.

Kuna jambo la pili ambalo hesabu rahisi ya kujumlisha hailionyeshi. Mawimbi yanayorudi kutoka kwenye bomu, pailoni na bawa hukutana njiani, yakasaidiana katika pembe fulani na kufutana katika pembe nyingine. Tena wimbi linaweza kugonga bomu kwanza, likarukia chini ya bawa, ndipo likarudi. Ndiyo maana bomu lililopimwa peke yake maabara, likapata alama nzuri, linaweza kufungwa kwenye bawa zuri pia na yote mawili yakageuka kuwa kitu kibaya. Mbunifu hana ruhusa ya kukipima kibebeo peke yake. Anapima ndege nzima na mzigo wake, au hajapima chochote.

Sasa nije kwenye rangi. Vifaa vinavyofyonza mawimbi vipo, vinafanya kazi, na ndege zote za aina hii zinavitumia. Hata hivyo, nguvu ya mfyonzo hutegemea unene wa mpako ukilinganishwa na urefu wa wimbi. Mpako wa milimita chache unaweza kulidhoofisha wimbi la sentimita 3, lakini kwa rada za zamani za mawimbi marefu, kama P-18 ya Kisovieti yenye wimbi la karibu mita mbili, mpako huo ni kana kwamba haupo. Kwa mawimbi hayo marefu, mapezi na pailoni zenye urefu unaokaribia nusu ya wimbi huweza kuitikia kwa nguvu kuliko umbo lake linavyotarajiwa. Tusisahau kwamba tarehe 27 Machi 1999, ndege ya F-117 iliangushwa karibu na Belgrade kwa kombora la mfumo wa zamani wa S-125, na kikosi kilichoiangusha kilikuwa na rada ya mawimbi marefu kama hiyo. F-117 haikuwa na silaha yoyote nje, wala haikuwa na mahali pa kuifungia.

Rangi ina tatizo jingine ambalo wewe, kama fundi, utalielewa kuliko profesa yeyote. Bomu huhifadhiwa ghalani miaka mingi, huvutwa kwa kitoroli, huinuliwa kwa mnyororo, hukwaruzwa na kufutwa vumbi kwa tambara. Mpako unaofyonza rada hautaki kukwaruzwa. Ukichanika, ukingo wa mchaniko wenyewe huanza kurudisha mawimbi. Kuupaka kwa uangalifu wa kiwango hicho mzigo utakaotupwa mara moja ni gharama isiyo na maana, na hata ukiupaka vizuri kabisa, kona ya nyuzi 90 hubaki kona. Katika ubunifu huu umbo hufanya kazi kubwa, na mpako husafisha mabaki. Hayo yalijulikana tangu miaka ya 1970, wakati wahandisi wa Lockheed walipoitumia nadharia ya mwanafizikia wa Kisovieti Pyotr Ufimtsev, iliyochapishwa mwaka 1962, kukokotoa umbo la ndege ya majaribio ya Have Blue, iliyoruka mwaka 1977.

Huenda ukauliza, kama nje kuna matata haya yote, kwa nini isibebwe kila silaha ndani? Kwa sababu ndani nako kuna bei yake. Tumbo la F-35A linachukua takriban kilo 2,600 za silaha, kwa mfano mabomu mawili ya kilo 900 na makombora mawili ya AIM-120, wakati mzigo wake wote, wa ndani na nje, unafika takriban kilo 8,100. F-35B, inayotua wima, ina chumba kidogo zaidi, kwa kuwa feni yake ya kuinulia imekula nafasi. Kombora la AIM-120 lenyewe ilibidi lipunguzwe mapezi, likawa toleo la C, ili liweze kuenea sita tumboni mwa F-22. Silaha ndefu au nene haziingii, na kila sentimita ya chumba hulifanya tumbo la ndege kuwa nene na zito.

Isitoshe, chumba kikifunguliwa katika mwendo mkali hugeuka kuwa filimbi. Hewa inayopita juu ya mdomo wake hutengeneza mizunguko inayogonga ukuta wa nyuma, mgongano huo hutuma mawimbi ya sauti mbele, nayo huamsha mizunguko mipya. J. E. Rossiter wa Uingereza aliyaeleza hayo mwaka 1964 kwa kanuni ambayo bado tunaifundisha. Makelele ndani ya vyumba vya namna hiyo hupita desibeli 160, kiasi cha kuchosha vyuma na kuharibu vifaa vya elektroniki vya silaha. Silaha haiwezi kuachwa idondoke yenyewe humo. Husukumwa nje kwa nguvu, ili ivuke upesi tabaka la hewa iliyovurugika kabla pua yake haijainuliwa ikarudi kuigonga ndege. Na katika sekunde hizo za mlango kuwa wazi, kona zote za chumba huitazama dunia. Wachina walilishughulikia hili kwa namna inayonivutia sana: katika vyumba vya ubavuni vya ndege yao ya kivita ya J-20, reli hulitoa kombora dogo nje, kisha mlango hujifunga nyuma yake, kombora likabaki nje peke yake likisubiri kurushwa. Ni silaha ya nje, lakini kwa muda mfupi unaochaguliwa na rubani.

Kwa hiyo swali la mbunifu huwa ni hili: ikiwa lazima kitu kikae nje, kikae vipi? Njia ya kwanza ni kukilazimisha kifuate sheria za ndege yenyewe. Ukiitazama ndege ya aina hii kutoka juu, utaona kingo za mbawa, mkia, milango na hata vifuniko vidogo zimepangwa katika mielekeo michache inayofanana, ili mawimbi yote yanayorushwa na kingo hizo yaelekee pande chache zinazojulikana, na pande nyingine zote zibaki kimya. Pailoni njema hufuata mielekeo hiyo hiyo. Ukingo wake wa mbele hulala nyuma, na ubavu wake huinama ili usikutane na bawa kwa nyuzi 90, hata kama kuinama huko kunaongeza uzito kwa sababu mzigo haushuki tena kwa njia fupi. Tazama pailoni za mwisho za mbawa za F-35, zinazobeba makombora ya AIM-9X, uone zilivyoinama. Tazama pia kasha la mzinga la F-35B na F-35C. Aina ya A ina mzinga wa milimita 25 ndani ya kiwiliwili, wenye risasi 181. Aina hizo mbili nyingine huufunga mzinga huo chini ya tumbo, ndani ya kasha lenye risasi 220, na kasha hilo lina mbavu zilizoinama na linakaa limebanwa tumboni bila pailoni ndefu. Katika mifano yote iliyoko kazini, naona hilo ndilo jibu lililokamilika zaidi kwa swali lako. Lakini zingatia kwamba mzinga hautupwi. Kasha linaondoka nao na kurudi nao, na umbo lake halibadiliki njiani.

Njia ya pili ni kukigeuza cha nje kiwe cha ndani, yaani kujenga chumba cha silaha kinachoweza kufungwa chini ya ndege. Mwaka 2013 Boeing na Northrop Grumman ziliirusha F/A-18 Super Hornet ikiwa na kasha la silaha lililofungwa chini ya tumbo, pamoja na matangi ya mafuta yaliyolazwa mgongoni. Boeing ilisema marekebisho yale yalipunguza mwonekano wa mbele kwa asilimia 50. Wasomaji wengi waliposikia nusu walifurahi. Wewe sasa unayo kanuni ya kipeuo cha nne, kwa hiyo ukikokotoa utaona kwamba nusu ya eneo-akisi huupunguza umbali wa kugunduliwa kwa asilimia 16 tu. Si jambo la kudharau, lakini kasha lile halikuingia kazini. Kabla ya hapo, F-15 Silent Eagle ilijaribiwa mwaka 2010 ikirusha kombora kutoka chumba kilichojengwa ubavuni mwake, nayo haikupata mnunuzi. Somo ninalolipata katika majaribio yote mawili ni kwamba kasha zuri kwenye ndege isiyojificha hununua kidogo. Lingefungwa kwenye ndege inayojificha lingenunua zaidi, lakini hapo lazima mdomo wa kasha, mshono wake na mlango wake vifikie usafi wa ndege yenyewe, na usafi huo ni ghali.

Kuna wanaozamisha silaha nusu ndani ya tumbo, kama ilivyokuwa kwa F-4 Phantom na makombora yake manne ya Sparrow, na kama ilivyo leo kwa Eurofighter Typhoon na kwa KF-21 ya Korea Kusini, iliyoruka mara ya kwanza Julai 2022 ikiwa na nafasi nne za namna hiyo. Njia hii huondoa pailoni kabisa na hupunguza ukinzani wa hewa, jambo ambalo rubani hulihisi kwenye mafuta. Kombora likiondoka, shimo hubaki. Wengine huiunda silaha yenyewe kwa umbo la kukwepa rada, mfano kombora la JASSM lenye mbavu bapa zilizoinama na mapezi yanayokunjwa mpaka liachiwe. Kombora hilo hurushwa likiwa mbali, zaidi ya kilomita 370 kutoka kwenye shabaha, na hapo ndege iliyolibeba haina haja ya kujificha sana. Tena wapo wanaoendelea kuzipunguza silaha mpaka ziingie ndani: bomu la GBU-39, lenye uzito wa kilo 130 hivi, huenea manane tumboni mwa F-22. Ukiniuliza ni wapi fedha za utafiti zitumike, nitakwambia hapo, kwenye silaha ndogo yenye shabaha kali, kabla ya kuanza kuchonga pailoni.

Nimesema maungio yapimwe silaha ikiwa imekwisha kuachiwa, na sasa nilieleze hilo, kwa kuwa vitabu vingi hulipita haraka. Bomu likiondoka, pailoni hubaki na kulabu zilizo wazi, miguu isiyoshika kitu, tundu la kebo na waya unaoning'inia. Yaliyokuwa yamefunikwa na mgongo wa bomu sasa yako hadharani. Kwa maneno mengine, ndege inaweza kuonekana zaidi katika safari ya kurudi, ikiwa tupu, kuliko ilivyodhaniwa, tena wakati ambapo adui amekwisha kuamshwa na mlipuko. Dawa yake ni mojawapo ya mbili. Ya kwanza ni kuweka vifuniko vinavyojifunga vyenyewe bomu likitoka, na vifuniko hivyo lazima vifanye kazi kwenye barafu, vumbi na mtikisiko. Ya pili ni kuitupa pailoni yenyewe. Matangi mapya ya mafuta yanayojaribiwa kwa ajili ya F-22 yanafuata wazo hilo: tangi na pailoni yake vimechongwa kwa uangalifu, na vyote viwili vinaweza kuachiwa ili bawa libaki laini. Mahali ilipokuwa pailoni lazima pazibwe papo hapo pasibaki shimo, na nakuhakikishia kwamba kizibo hicho kidogo kinaweza kumgharimu mhandisi miezi mingi kuliko tangi lenyewe.

Mbali na rada, kuna hewa pia ya kuzingatia. Kila umbo jipya linalofungwa chini ya bawa hubadilisha mtetemo wa bawa na njia ya kuanguka kwa mzigo. Bomu lililoachiwa vibaya huweza kuzunguka na kuigonga ndege iliyolileta, na ndiyo maana kila silaha hupimwa kwenye handaki la upepo na kisha angani, kwa mwendo na kimo mbalimbali, kabla ya kuruhusiwa. Pailoni iliyoinamishwa kwa ajili ya rada huisukuma silaha upande badala ya chini, kwa hiyo mtaalamu wa rada na mtaalamu wa hewa lazima wakae meza moja tangu siku ya kwanza. Mmoja wao akiitwa baadaye kurekebisha, kazi huanza upya.

Basi ile picha ya F-35 yenye mabomu mbawani ina maelezo rahisi. Ndege hiyo haijifichi wakati huo, na walioipakia wanajua hivyo. Siku za kwanza za vita, rada na makombora ya adui yakiwa hai, hubeba vya ndani tu. Ulinzi huo ukivunjwa, hufungwa pailoni za kawaida na kubeba mzigo mkubwa, kwa kuwa siri haihitajiki tena kwa kiwango kile. Ndege ya B-2 haina chaguo hilo, kwa sababu iliundwa bila mahali popote pa kuning'inizia kitu nje.

Kuhusu Su-30MK2 zetu, nitakujibu kwa hesabu ile ile. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba ndege kubwa yenye injini mbili, mikia miwili iliyosimama wima na midomo mipana ya kuvutia hewa ina eneo-akisi la mita za mraba 10 kutoka mbele, na silaha zake zinaongeza 2. Ukizificha silaha zote kabisa, umbali wa kugunduliwa unapungua kwa chini ya asilimia 5. Mita hizo hizo 2 zikiwekwa kwenye ile ndege ya mita 0.001, umbali unaongezeka karibu mara saba. Kwa hiyo makasha na pailoni za kujificha hazingeinufaisha Sukhoi kwa kiasi kinacholingana na gharama, na zingeila masafa yake kwa uzito na ukinzani wa hewa. Fundi anayehudumia ndege ya aina hiyo ataisaidia zaidi akihakikisha kwamba pailoni isiyohitajika katika safari ya leo imefunguliwa na mahali pake pamezibwa kwa kifuniko sahihi, skrubu zote zikiwa zimekazwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha matengenezo, maana hapo mafuta huokolewa katika kila saa ya kuruka.